Karani wa Vibarua: Basili Bura wa Masakta, 1957–2025

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji wote, tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Herman Bura, mdogo wake marehemu kwa baba na mama, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome mbele yenu, ingawa sehemu moja nimeiongeza mwenyewe jana jioni bila kumwonyesha mtu, na nikifika hapo naomba mnivumilie.

Marehemu Basili Bura alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Masakta, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bura na mama Marieta, ambao wote wametutangulia. Alipata elimu ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, walimu walimtumia kuandika barua za shule, sifa ambayo aliendelea kutukumbusha mpaka uzeeni, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1976 alianza kibarua katika shamba moja kubwa la ngano kule Basotu, akipalilia na kushona magunia, na tarehe 1 Februari 1981 mwandiko ule ulimpandisha cheo akawa karani wa vibarua, yaani yeye ndiye aliyepita vijijini kuandikisha watu wa kazi, kuanzia hapa Masakta na Nangwa hadi milimani Mbulu. Miaka ile shamba lilihitaji mikono mingi, lori liliondoka limejaa kabla jua halijatoka, nyumba za bati zikaongezeka, wenye maduka Katesh wakaongeza vyumba, na siku ya mnada hata muuza vitunguu alijua kama vibarua wamelipwa au bado, maana wote walikula kupitia ngano. Marehemu alitembea kifua mbele, na kusema kweli sisi wadogo zake tulitembea hivyo hivyo nyuma yake.

Tarehe 23 Julai 1983 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Gaudensia, katika kanisa la Nangwa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kornelia, Wolfgang na Restituta, pamoja na wajukuu saba.

Wenye umri wangu mnakumbuka siku za kuitana, ambapo mtu aliwaita majirani shambani kwake, wakalima au kuvuna mchana kutwa huku akina mama wakiimba, naye akawapikia na kuwaandalia pombe, hakuna aliyelipwa, na wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mwingine. Mwezi Februari 1988, shamba la Basotu likiwa na upungufu wa watu wa kupalilia, marehemu alisimama kwenye kikao cha kitongoji, akatueleza kwamba siku ya kumlimia jirani ni siku iliyopotea, kwamba anayetaka shamba lake lilimwe aajiri kibarua kama watu wa maendeleo wanavyofanya, na sisi tukampigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wengine. Zamu zikaisha mwaka ule ule, na hakuna aliyeona amepoteza kitu, kwa sababu lori lilikuwa bado linakuja.

Mwaka 2004 shamba lilipata wamiliki wapya, magugu yakaanza kuuawa kwa dawa, mashine za kuvunia, zile kombaini, zikaongezeka, na kazi iliyokuwa ikifanywa na lori zima la watu ikafanywa na vijana wawili wenye kofia. Tarehe 30 Juni mwaka huo marehemu aliitwa awasomee wenzake orodha ya waliopunguzwa kazi, akaisoma kwa sauti yake ile ya ukarani hadi mwisho, ambako alikuta jina lake. Kuanzia hapo maduka yalifungwa moja baada ya jingine, mnada ukapoa, vijana wakaenda Mirerani, Arusha na Dodoma kutafuta kazi, Wolfgang na Restituta wakiwemo, na sisi tuliobaki tukawa na mashamba bila mikono, na majirani tusioweza kuitana.

Marehemu alijaribu kurekebisha. Jumamosi ya tarehe 12 Machi 2016 aliita watu shambani kwake, shemeji akapika makande ya kutosha kitongoji kizima, wakaja watatu, na wengine wakatuma mtu kuuliza siku inalipwaje. Hakuwakasirikia, alisema swali hilo aliwafundisha yeye, lakini hakurudia kuita, na makande yale tulikula siku tatu.

Mwezi Novemba 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye hospitali ya rufaa, ambako iligundulika kuwa moyo umechoka, na kuanzia Mei mwaka huu hakutoka kitandani. Ngano yake ya heka nne ilipokauka aliniita, akaniomba nipite mlango kwa mlango, niwaombe majirani waje na mundu siku moja tu, niwaambie kwamba Basili ndiye anayewaita na kwamba mwaka 1988 alikosea.

Hii ndiyo sehemu niliyoiongeza. Nilitoka, nikafika kwenye mlango wa kwanza, nikakumbuka yale makande, nikaona aibu, nikarudi. Jumamosi ya tarehe 26 Julai nilikodi kombaini, ikamaliza kabla ya saa sita mchana, nami nikaingia chumbani kwake nikamwambia wamekuja watu ishirini na wanane. Alitaka majina, nikamtajia moja moja, na wengi wenu mmo, kisha akauliza kama akina mama waliimba, nikasema waliimba. Alilala vizuri siku ile. Alifariki nyumbani kwake Jumatano ya tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na nane.

Jana wakati kaburi linachimbwa, mzee Gidahosh, jirani yetu wa upande wa juu, aliniuliza kwa nini ngano ya Basili ilikatwa na mashine wakati yeye alikuwa nyumbani na mundu wake ameshaunoa. Wengine wakasema hivyo hivyo, kwamba waliiona ngano imekauka, wakawa wanangoja, maana huku kwetu mtu haingii shamba la mwenzake bila kuitwa. Ndipo jana jioni nikakaa nikaiandika sehemu hii, na uchungu huu sijui nitaupeleka wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, Baba Paroko kwa sakramenti, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Basotu waliosafiri tangu juzi, na ninyi majirani mliochimba, mliobeba maji na mliopika bila kuitwa na mtu, kwa sababu msiba hauna mwaliko.

Kaka Basili, wale ishirini na wanane niliokutajia, leo asubuhi nimewatafuta mmoja mmoja kwa macho hapa uwanjani, na wote wamekuja. Nisamehe, na upumzike kwa amani.