Nati ya Nane: Maisha ya Fundi Rudia

Ndugu, jamaa na majirani, tusifichane hata leo: marehemu alikuwa mwoga. Alijijua, na wala hakuona haya. Ukimcheka alikujibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," kisha akarudi kukagua alichokwisha kukikagua. Ndiyo maana akaitwa Fundi Rudia. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike, aliyemcheka kuliko wote.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Mama yetu alisimulia kwamba alichelewa kutembea, wala si kwa udhaifu. Alikishika kiti, akakitikisa kwanza aone kama kitamhimili, ndipo akasimama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, na mwaka 1978 akahitimu chuo cha ufundi. Katika kila mtihani alikuwa wa mwisho kutoka. Mwalimu akivuta karatasi upande huu, yeye anaing'ang'ania upande ule: "Mwalimu, bado sijarudia!"

Januari 1979 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2017. Alikuwa na sharti moja: lifti aliyoitengeneza, wa kwanza kuipanda ni yeye, tena peke yake, hadi juu na kurudi. Kwa miaka thelathini na minane hakuna aliyeumia katika lifti yake hata kidole.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa riadha, mama mwenye filimbi shingoni. Jamani, mwanamke wa mbio na mwanamume wa breki! Tuliwapa miezi sita. Walikaa miaka thelathini na saba, wakajaliwa binti na mwana. Mwaka 1994 wifi yetu alinunua gari kuukuu la spoti, jekundu, la viti viwili tu, limelala chini hivi kwamba kulipanda ni kama kuketi sakafuni. Mke aliendesha, mume alitengeneza, uani, nyuma ya jiko.

Kilichomtia hofu kuliko vyote ni sehemu ya mbele ya gari lile: springi, shokomzoba, na ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu. "Springi iliyobanwa ikichomoka inaua," alisema, akaifunga kwa mnyororo, akatufukuza uani sote pamoja na kuku. Na kila nati aliyoikaza mara ya mwisho aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha ya mkewe. Nati isiyo na rangi haijakazwa. "Wifi," mdogo wake huyu anayesoma alimtania, "kucha za gari zinapendeza kuliko zako!" Marehemu hakucheka. Rangi ikikauka alizunguka mtaa peke yake ndani ya gari, ndipo mkewe akapewa ufunguo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, alikuwa akibadilisha vipuri hivyo vya mbele. Kazi hiyo ina jambo moja: nati za ile mikono ya chuma ya chini hukazwa mwisho, gari likiwa limeshashushwa juu ya magurudumu yake, la sivyo mipira iliyomo ndani hujipinda. Kwa hiyo gari lilikuwa limeshuka, matairi ya mbele yakiwa juu ya mbao pana. Mtu asiyejua angesema kazi imekwisha. Saa tano asubuhi mkewe alisikia spana ikianguka. Alimkuta marehemu chali ubavuni mwa gurudumu la kushoto, mdomo umekwenda upande, neno halitoki. Ni kiharusi.

Mama wa watu hakungoja. Yeye na fundi cherehani wa jirani walimbeba, wakamweka katika kiti cha pili, mke akawasha gari na kushuka kwenye zile mbao kwa kishindo. Kilomita kumi na moja, mteremko, daraja, magari makubwa pande zote. Marehemu aliushika mkono wa mlango hadi vidole vikafa ganzi. Mkewe alidhani anaogopa kufa.

Siku tisa za kwanza hospitalini hofu haikumtoka machoni. Hofu yenyewe ilikuwa na saa zake. Wifi akiingia, alitulia. Wifi akiinuka kuondoka, alianza kutetemeka, akamshika kidole gumba, akausugua ukucha, kisha akauzungusha mkono hewani. Tulikisia weee. Anataka bomba lifungwe. Anataka redio. Mdogo wake akasema anataka kukatwa kucha, akamkata zote kumi, na marehemu akalia machozi. Huko nje gari lilikuwa limeanza kugonga mbele kushoto, ko, ko, kwenye kila shimo. Wifi alilisikia, ila mawazo yake yalikuwa wodini.

Jumatatu, tarehe 18, alimwinamia akamwambia, "Mzee, kesho nakuletea mjukuu wako. Nitamweka hapo mbele, tupite barabara kuu tuwahi."

Marehemu alitoa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwa mtu. Aliunyakua ufunguo mkononi mwa mkewe, akauingiza chini ya mgongo wake, akaulalia. Muuguzi alikuja mbio. Tulimsihi, akakataa. Akaushika tena ukucha wa mkewe, mtupu, hauna rangi siku tisa sasa.

Wifi aliutazama ukucha ule. "Rangi yangu iko wapi?" akauliza taratibu.

Mdogo wake alivuta mfuko wa nguo alizoletwa nazo marehemu. Chupa ilikuwa bado katika mfuko wa ovaroli, na desturi yake, kazi ikiisha, ilikuwa kumrudishia mkewe. Wifi akaketi kitini. "Mungu wangu," akasema. "Hakumaliza."

Marehemu akauachia ufunguo.

Wanawake wawili wazima walilala chini katika maegesho ya hospitali, watu wakishangaa. Upande wa kulia, nati nne, nyekundu zote. Upande wa kushoto, moja, mbili, tatu, za rangi. Ya nane ilikuwa tupu, imening'inia kwenye ncha ya bolti. Mdogo wake aliigusa, ikazunguka kwa vidole viwili kama kifuniko cha chupa. Wifi alitoa spana kwenye buti, akakaza huku machozi yakimwingia masikioni, akatia tone la rangi.

Walipopanda wodini, wifi alimwonyesha mumewe kidole gumba chenye rangi mbichi. "Nimekaza, Mzee."

Marehemu alikitazama. Akainua kidole chake, akakizungusha mara moja hewani. Safari hii hakuna aliyekisia. Rudia.

Wifi alishuka tena ngazi zote zile, akalala tena chini, akaweka spana. Nati ikasogea robo nzima ya mzunguko.

Jioni ile marehemu alilala usingizi bila kutetemeka. Alifariki Jumatano, tarehe 20 Machi 2024, saa nane mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu wanne, na wadogo wawili, mmoja wao akiwa huyu aliyemkata kucha na anayeomba radhi mbele yenu.

Gari jekundu liko pale getini. Leo asubuhi mjane, akiwa na nguo zake za msiba, alilala chini akahesabu nati nane, akainuka, akajipangusa, kisha akalala tena. Alipowasha, alikataa abiria. Alizunguka mtaa kwanza, peke yake.

Kaka, walio hai wamekagua, na wamerudia. Acha kuogopa sasa. Pumzika kwa amani.