Mama Mikono Nyuma Anarudi Darasani

Kwanza salamu kwa wote wa nyumbani kwa Mama Mikono Nyuma: mzee wake, ambaye tumesikia mgongo umepata nafuu, mama mkwe wake, kifungua mimba na mkewe, binti yake mwalimu, na yule kitinda mimba asiyependa kupiga simu. Sisi wa kitengo cha tiba kwa vitendo hatujambo, ila bado tumeduwaa.

Mwenzetu anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwafundisha watu waliopooza au kuumia kuvaa, kula na kupika tena wenyewe. Tulijua anakwenda kupumzika. Tulishamnunulia hata kiti cha kuegemea, chenye pa kuwekea miguu. Jumatatu, wakati wa chai, akatuambia anaanza shahada ya uzamili ya utafiti. Fundi wetu wa mbao chai ilimpalia. Daktari kijana akauliza kama anayesoma ni yeye au mwanawe. Mimi nilikaa juu ya ndoo yangu ya kudekia.

Jina la Mama Mikono Nyuma nilimpa mimi, na sikumpa kwa wema. Nilikuwa mgeni hapa kwenye usafi, na binti yangu alikuwa mgonjwa wake, mkono umeumizwa na mashine ya kusaga. Alimwambia mtoto afunge kifungo cha blauzi, kisha akasimama mikono nyuma, anamtazama tu anavyohangaika. Roho iliniuma! Nikatupa fagio nikamfungie. Alinishika bega akanitoa nje kama kuku aliyeingia jikoni. Nililia pale mlangoni, nikasema huyu hajui uchungu wa mwana. Kurudi ndani, kifungo kimefungwa na binti anacheka. Leo anashona nguo za watu.

Jiko la mazoezi, pale palipokuwa stoo ya vitanda vibovu, ni kazi yake. Mayai yenye maganda tuliyokula humo, ya wagonjwa wanaojifunza, Mungu ndiye anajua.

Mshtuko wa pili ni utafiti wenyewe. Anataka kujua kwa nini mgonjwa anayejivalisha hapa, akifika kwa mama yake anavalishwa. Nilimuuliza nani amenisema. Alicheka mpaka akashika meza.

Lakini juzi nilimkuta ofisini machozi yanamlenga. Chuo kinataka maelezo ya utafiti yachapwe kwa kompyuta, naye miaka yote ni mtu wa kalamu. Anatafuta herufi moja moja kama anayechagua mchele. Akasema heri aache, kiti cha kuegemea kinamtosha. Nikataka kukimbia kumwita karani amchapie. Miguu ikagoma. Nikasimama palepale, nikaweka mikono nyuma.

Aliniona. Akanisonya sonyo refu, kisha akaigeukia kompyuta. Mpaka jioni ukurasa wa kwanza ulikuwa umekamilika. Fundi naye amekwisha kung'oa pa kuwekea miguu kwenye kile kiti, akapachika ubao wa kuandikia.

Mama, asante kwa mkono wa mwanangu. Nenda kasome, Mungu akupe afya, macho ya kusomea na usingizi wa kutosha. Ukija kwangu kutafiti utanikuta nimekaa mbali na vifungo vya watu, ingawa mikono inawasha. Na ukishafika chuoni tuletee habari upesi, tusikae roho juu. Ila uchape mwenyewe.