Matiya Kizza na Picha ya Kijito cha Hai Malakal

Marehemu Matiya Kizza alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Masaka, Uganda, mtoto wa tatu wa seremala. Alisoma hukohuko hadi kidato cha pili, alipofiwa na baba yake akashika brashi.

Mwaka 1991 alimwoa Flavia. Mwaka 2006 walihamia Juba, wakakaa mtaa wa Hai Malakal, naye akawa mchoraji wa mabango ya maduka. Jioni alichora Juba ya zamani, ambayo yeye mgeni hakuwahi kuiona. Aliwauliza wenyeji, akachora, kisha akawaita waje kumsahihisha. Picha ambayo haijasahihishwa hakuitia sahihi.

Iliyomsumbua zaidi ni ya khor, kijito cha mvua kilichopita nyuma ya nyumba yake. Jirani yake, Mama Nyakuoth, alimfutisha mawe ya kufulia mara tatu.

"Nimekuambia mawe iko upande ile ingine."

"Mama, una hakika?"

"Mimi nilifua hapo, wewe ukiwa Masaka unanyonya. Futa."

Akafuta, huku akicheka.

Mwaka 2023 tajiri mmoja alikifukia kijito hicho kwa kifusi, akajenga ghala juu yake, na kibali alipewa. Matiya aliibeba picha hadi ofisi iliyotoa kibali, ili waone maji yalikopita tangu zamani.

"Mzee, picha si ramani," afisa alimwambia. "Lakini ni nzuri. Iache."

Akaitundika nyuma ya kiti chake. Matiya aliidai mara sita, na kila mara aliambiwa asubiri nje. Mara ya sita aliambiwa kwamba ofisi haiwezi kubaki na ukuta mtupu.

Agosti 2025 mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Maji yalikosa njia, yakaingia vyumbani pamoja na uchafu wa vyoo. Matiya aliugua kipindupindu, akafariki tarehe 2 Septemba. Asiseme mtu leo kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu alipoleta mvua alikuwa ameshaipa njia.

Ameacha mjane, Flavia, watoto watatu, Angella, Conrad na Sanyu, wajukuu wawili, na picha kumi na tisa. Ya ishirini ingali ofisini. Afisa ametuma shada la maua, na familia imelipokea. Kesho asubuhi familia itakwenda pamoja na Mama Nyakuoth kuichukua picha hiyo. Hawatasubiri nje.

Baba Angella alale mahali pakavu, na apumzike kwa amani.