Figo za Dada na Kompyuta Iliyokataa

Asubuhi ile kijiwe kilikuwa kimechangamka, vikombe mkononi, maneno yanamwagika kama bomba limepasuka. Benchi lenyewe liko nje ya karakana ya fundi makochi, ambaye jina lake watu walishalisahau, wanamwita Sponji. Yeye peke yake alikuwa kimya, kahawa imempoa mkononi. Kushoto kwake alikaa Redio, karani mstaafu ambaye hakuna habari asiyoijua, na kulia Bondia, mchomea vyuma mwenye mikono kama nyundo na roho ya pamba. Birika, muuza kahawa, ndiye aliyemchokoza.

— Fundi, leo umemeza gundi?

— Dada yangu, — Sponji akasema. — Kompyuta ya hospitali imemkataa.

Vikombe vikasimama hewani. Wote walimjua dada mtu. Ndiye aliyemlea Sponji baada ya mama yao kufariki, na sasa ana saratani ya tumbo. Wiki kadhaa nyuma alichomwa sindano ya dawa yenye mionzi, ile inayosafiri ndani kwa ndani mpaka kwenye uvimbe. Jana ilikuwa zamu ya sindano ya pili.

— Wameahirisha. Mpwa wangu ndiye kanipigia simu. Eti wana programu inayopiga hesabu: mionzi mingapi imeingia kwenye uvimbe, mingapi imekwama kwenye figo. Hesabu ikatoka, daktari akasema ngoja kwanza.

— Kompyuta hiyo imezoea watu wanene, — Redio akatoa hukumu. — Dada yako mwembamba. Imetafuta mtu kwenye picha, haikumwona.

— Wewe nawe! — Bondia akadakia. — Tatizo ni figo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa dawa ndiyo mgeni, figo ndiyo mwenyeji, atapona nani hapo?

— Uvimbe! — Birika akasema, hata mwenyewe akajishangaa.

— Sikilizeni, — Redio akashusha sauti. — Mashine zile huongea zenyewe kwa zenyewe. Moja ikimkataa mgonjwa, zote zinamkataa, hata ile ya kupima presha. Na ndiyo maana ikasemwa, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kompyuta haina mwana, haiwezi kumwonea mtu huruma!

— Mimi nasikia wenye mionzi huwaka gizani, — Bondia akaongeza. — Umeme ukikatika, si mnakaa naye tu sebuleni?

Walicheka. Sponji hakucheka. Bondia alipomwona, akameza kicheko chake na kuinamisha kichwa.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja, mpangaji mpya wa mtaa ule, kabeba kiti kilichochanika. Alisubiri wanyamaze, akaona hawanyamazi.

— Samahani, jamani. Huyo dada mwenyewe anasemaje?

Redio akamtazama Bondia. Bondia akamtazama Birika. Birika akaanza kufuta vikombe visivyo na uchafu. 

— Kiti chako kiache hapo, mama, — Sponji akasema. Akainuka, akaifunga karakana.

Alimkuta dada yake nyumbani kwake, uani, ameketi kwenye mkeka, anakunja nguo. Sponji akachuchumaa mbali, karibu na mlango.

— Dada, nimesikia imekukataa.

— Nani kanikataa?

— Kompyuta.

Dada mtu akacheka mpaka akakohoa.

— Haijanikataa, mdogo wangu. Daktari kanionyesha picha zangu. Uvimbe unainywa ile dawa vizuri kweli, ila figo zangu zinakaa nayo muda mrefu kuliko za wengine. Wangenipa kipimo kile kile cha kila mtu, zingeumia. Kwa hiyo wamepiga hesabu upya, ya mwili wangu mimi. Wiki ijayo napewa kipimo kidogo kuliko cha mwanzo, na bado kitafika kunakotakiwa. Ameniambia tuna matumaini mazuri.

Sponji akashusha pumzi ndefu.

— Basi huogopi kitu?

Dada mtu akaacha kukunja.

— Naogopa upweke wa baada ya sindano. Walisema nikae mbali na watu siku chache tu, nikakaa. Siku zile zikaisha zamani. Lakini wewe hukukanyaga hapa. Leo umekuja, umechuchumaa mlangoni kama mdai.

Sponji aliogopa, ni kweli. Maneno ya benchini yalikuwa yamemwingia kuliko ya daktari. Mionzi ile ilishatoka mwilini mwa dada yake, ila kwake yeye ilikuwa bado haijatoka kichwani.

Akavua viatu. Akakanyaga mkeka.

— Sogea kidogo, dada.

— Nafasi ipo kubwa huko.

— Sitaki huko.

Akajibana ubavuni kwake, bega kwa bega, akavuta shuka moja. Wakaikunja pamoja, mmoja upande huu, mmoja upande ule.

— Wiki ijayo nakupeleka mimi, — alisema.

— Vuta pembe yako, — dada akajibu. — Umeipinda.