Kitufe cha Marahaba

Nilisikia kwanza bakuli la bati likigonga sakafu, likazunguka, likatulia. Nikadhani ni paka. Nilipoacha cherehani na kwenda uani, nilimkuta mume wangu ameketi chini, mdomo umepinda upande, analitafuta jina langu halipati.

Ndugu zangu, wengi humu mnauguza mtu wa kiharusi, kwa hiyo ya hospitali sitayasimulia. Mwili ulirudi nusu. Maneno hayakurudi. Anaelewa kila kitu, lakini akifungua kinywa hutoka mlio mmoja tu. Fundi magari aliyekuwa akiitania nusu ya mtaa wetu wa Ngarenaro akawa mtu wa kunyweshwa kwa kikombe, kimya.

Nikasikia mtaa wa Sokon One kuna darasa la kutengeneza programu za simu. Nikaenda, maana nilitaka simu imsemee. Vijana wa pale wakanipisha kiti.

"Shikamoo mama. Mwanafunzi yuko wapi?"

"Marahaba. Ndiye mimi," nikasema. Wakacheka, nami nikakaa.

Nawaambia ukweli, kwenye kile kiti nililia. Kila nikijaribu kuiendesha kazi yangu, ilijaa mistari myekundu ya makosa, tena ya Kiingereza. Nilihisi ninafokewa. Nikawa nafuta yote, naanza upya. Mwalimu, kijana mdogo tu, akaniuliza, "Mama, gauni likikosewa shingo unalitupa?"

"Nafumua shingo."

"Basi soma hapo. Imekuonyesha mstari uliokosea. Fumua huo."

Nikaacha kuiogopa. Mwishowe programu yangu ikafanya kazi: vitufe vikubwa vyenye picha, ukikigusa kimoja sauti inasema. Maji. Chai. Chooni. Naumwa. Baridi. Darasa zima lilinipigia makofi. Mume wangu aliitumia siku chache, kisha akaanza kuilaza simu kifudifudi. Nikimpa, anaisukuma. Nilikasirika, msinihukumu. Nikamwambia, "Baba watoto, nimeumiza macho yangu kwa ajili yako."

Jibu lilitoka kwa binti yetu. Zamani hakuwa anakwenda shule bila kumwamkia baba yake. Sasa alikuwa anapita kimya. Nikamkemea palepale kitandani kwa baba yake.

"Mama, hawezi kuitikia," akasema. "Nikimwamkia analia."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameelekeza uso ukutani.

Ndugu zangu, nilikaa nikaishika ile simu, nikavisoma vitufe vyangu kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vya kuomba. Nilikuwa nimemtengenezea maneno ya mgonjwa. Neno la baba halikuwamo. Mtoto akisimama mbele yake na heshima zake zote, yeye alikuwa na chai na choo tu vya kumjibu.

Nikaongeza kitufe cha kuitikia salamu, nikarekodi sauti yangu. Binti akacheka hadi akashika tumbo. "Baba ana sauti ya mama." Hata mgonjwa mwenyewe alicheka, lakini hakukigusa tena. Nikaanza kuuliza ndugu kama kuna aliyebaki na sauti yake ya zamani. Mpwa wake aliyeko Tanga alikuwa ametunza ujumbe wa sauti kwenye simu: mjomba anaitikia salamu, huku nyundo zikigonga kule gereji. Mwalimu akanionyesha namna ya kulikata neno lile tu. Nyundo moja ilibaki. Nilishindwa kuitoa, na sikutaka sana.

Nawashukuru wale vijana, namshukuru mpwa wetu, na nyinyi mliokaa na mgonjwa wangu nikiwa darasani. Ninalowaachia ni hili: huyo unayemuuguza bado ana kitu cha kuwapa watu. Tafuta ni kitu gani, usiishie kumuuliza kama ana njaa.

Asubuhi ya kwanza ya sauti hiyo, binti alikuwa ameshavaa begi mgongoni. Nikamwambia tu, mwamkie baba yako. Akanitazama kama ninamwonea.

"Shikamoo, baba."

Kidole kilichukua muda. Kikateleza, simu ikasema maji. Hakuna aliyecheka. Kikarudi.

"Marahaba," ikasema sauti yake, na nyundo.

Binti akabaki amesimama. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba anachelewa, akatoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake.