Siku ya Kutembea Peku

Dada: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Mdogo: Mimi, dada. Mdogo wako.

Dada: Umebadili namba lini?

Mdogo: Yangu imezima chaji. Hii ni ya binti mmoja tuliyekaa naye benchi hapa uwanjani, naye kaja kujaribiwa udereva. Simu haziruhusiwi garini, akaniambia nimshikie, na kama nina wa kumpigia nipige, vocha imo.

Dada: Mungu ampe heri. Ngoja nizime cherehani, mteja wangu atasubiri, gauni halina miguu... Haya. Umeshaingia?

Mdogo: Bado. Kila mtu anazungushwa raundi moja alizoee gari lao la mtihani, ndipo mtihani wenyewe. Binti yuko raundi sasa hivi. Dada, naogopa kile kilima cha mtihani.

Dada: Vuta pumzi. Kwa pua, polepole, kama unanusa sufuria la jirani na hutaki ajue.

Mdogo: Nimevuta.

Dada: Sasa itoe. Usinifie huko.

Mdogo: Mara mbili nimeanguka hapa. Mara mbili gari limeruka likaenda kula vigingi.

Dada: Mara zote mbili ulikuwa mke wa Kapteni. Leo si mke wa mtu tena. Kumbuka alivyosema mbele ya majirani, siku alipokutolea mabegi nje—

Mdogo: "Siku huyu chura atakapopata leseni, mimi nitatembea peku."

Dada: Basi hiyo ndiyo dawa ya woga. Wengine hutulizwa na maji ya kunywa. Wewe tulia na hilo.

Mdogo: Nalilamba kila asubuhi kama— subiri. Kuna simu inaingia juu ya yako.

Dada: Achana nayo, ni ya mwenyewe. Haloo? Umepotea?

Mdogo: Imeandikwa "Kapteni". Na picha yake ipo. Na ile kofia.

Dada: Kapteni yupi?

Mdogo: Wako wangapi, dada, wenye kofia ya nahodha na hawajapanda hata mtumbwi?

Dada: Lahaula. Kwa hiyo huyo binti ndiye—

Mdogo: Ndiye.

Dada: Aliyelalia kitanda chako kabla hakijapoa.

Mdogo: Nimekula njugu zake. Kanimiminia mkononi, nami nikamshukuru, nikamwita mdogo wangu.

Dada: Tema.

Mdogo: Zimeshateremka.

Dada: Na yeye anajua wewe ni nani?

Mdogo: Hajui. Hatukuwahi kuonana. Kapteni mwenyewe namwona, yuko kule kwenye uzio, kaegemea gari lake, simu mkononi. Hajaniona, nimejibanza nyuma ya nguzo. Yuko peku, si unajua mtindo wake, eti mguu lazima uisikie injini. Viatu kaviacha chini ya kiti.

Dada: Sasa sikiliza. Mungu kakuletea kitoweo mpaka mlangoni. Hiyo simu itupe kwenye ndoo ya maji—

Mdogo: Ndipo nizungumze na wewe kwa kipaza cha msikiti?

Dada: Basi mtafutie neno. Mwambie mtahini hapendi watu wavae mkanda. Mwambie chochote. Mapazia yangu bado yananing'inia kwenye dirisha lake yule, nilishona mpaka vidole vikavimba—

Mdogo: Shh. Anaanza kupanda kilima.

[Mtandao unakwaruza.]

Dada: —sikusikii. Kumetokea nini?

Mdogo: Gari limeruka. Limeruka likazima. Anawasha tena... limeruka tena. Kagonga kigingi.

Dada: Ahsante. Hata neno hukumwambia. Dua ya aliyedhulumiwa haina foleni.

Mdogo: Kapteni anacheka. Anapiga kelele kutoka kwenye uzio, "Chura! Klachi, chura!" Dada, mimi nimesimama. Nilidhani kaniona.

Dada: Hakukuona?

Mdogo: Haniiti mimi chura. Anamwita yeye.

Dada: Jina lako.

Mdogo: Jina langu. Na mruko ni ule ule. Dada, unakumbuka alivyokuwa akinifundisha, mkono wake haubanduki kwenye breki ya mkono? Eti ananilinda?

Dada: Ulikuwa unamsifu kwa hilo.

Mdogo: Hakuwa akinilinda. Alikuwa anaipandisha kidogo, meno mawili matatu, mimi sioni. Gari halisogei mpaka nikanyage mafuta kama naua nyoka. Mguu wangu ukazoea hivyo. Nikija hapa, kwenye gari lisiloshikwa na mtu, nikikanyaga vile vile—

Dada: Linaruka.

Mdogo: Mpaka kwenye vigingi. Na ile harufu ya breki kuungua, akiniambia ni dawa yangu ya nywele. Ni jirani yangu mwenye teksi, anayenifundisha sasa, aliyeniuliza juzijuzi, "Mama, nani kakufundisha kukanyaga hivi?" Ndipo nikayaunga yote.

Dada: Shetani mwenye kofia. Ili iweje?

Mdogo: Ili nisiende popote bila yeye. Mwenye funguo ndiye anayeamua unamtembelea mama yako lini.

Dada: ...Naam. Na ulikuwa huji.

Mdogo: Binti anarudi. Analia. Ataitwa mtihani sasa hivi.

Dada: Mwache alie. Alipokuwa anaingia kwako ulilia peke yako, mimi ndiye niliyekufuta kamasi. Nyamaza tu. Kunyamaza si dhambi.

Mdogo: Akianguka, Kapteni atacheka tena.

Dada: Na acheke.

Mdogo: Nimechoka kumchekesha, dada. [sauti inaenda mbali, anamwita binti] Mdogo wangu, njoo. Futa uso. Huko mkifanya mazoezi, mkono wa mumeo hukaa wapi?... Eeh. Na harufu anasema ni ya nini?... Mafuta yako ya mwili. Haya. Sikiliza, gari hili halijashikwa na mtu. Shusha breki ya mkono mpaka chini, uione kwa macho yako. Halafu mafuta kidogo, kama umekanyaga kifaranga na hutaki afe. Nenda. Usimwangalie aliye kwenye uzio... Nimejuaje? Nenda kwanza, mtahini anaita. Tutasemezana ukirudi.

Dada: Nimekusikia. Umenivunja moyo.

Mdogo: Subiri. Ameshusha breki. Anaiangalia... kaiangalia mara mbili. Anaondoka.

Dada: Na?

Mdogo: Anapanda. Dada, anapanda kama moshi.

Dada: Na yule bwana?

Mdogo: Kaacha kucheka.

Dada: Uso wake ukoje? Nieleze taratibu, usiruke.

Mdogo: Kama mtu aliyekuta kufuli jipya mlangoni kwake. Dada, naitwa.

Dada: Pumzi, kwa pua—

Mdogo: Sihitaji tena. Hasira imekaa tuli kama maji mtungini. Binti huyo anakuja, namrudishia si—

[Simu inakatika. Inaita tena baadaye.]

Dada: Haloo? Ni wewe au ni yeye?

Mdogo: Mimi.

Dada: Sema upesi. Nimemshonea mteja mkono wa gauni nje ndani kwa ajili yako.

Mdogo: Mtahini kakaa pembeni na kalamu yake. Nikafika kilimani, nikasimama pale wanapotaka usimame. Kapteni akaniona. Kofia ikashuka yenyewe.

Dada: Na mguu?

Mdogo: Zamani nikiuona uso ule mguu unakufa ganzi. Leo nikamtazama mpaka nikashiba, kisha nikakanyaga kifaranga.

Dada: Na?

Mdogo: Nina karatasi ya kufaulu mkononi. Imegongwa muhuri. Sote wawili. Dada? Unalia?

Dada: Ni uzi umeniingia jichoni. Mbona kuna mvumo? Uko wapi?

Mdogo: Garini. Gari la Kapteni.

Dada: Mama yangu. Nani anaendesha?

Mdogo: Bi Kifaranga. Nilimweleza mimi ni nani. Akaenda moja kwa moja kwenye usukani, funguo zilikuwa pale pale. Kwanza kaushusha mkono wa breki mpaka chini, mbele ya macho ya Kapteni.

Dada: Na yeye akatazama tu?

Mdogo: Akaja mbio upande wa pili, awahi kukaa karibu na hiyo breki. Akakuta mlango umefungwa, mimi nimeshakaa.

Dada: Akasema nini? Alitukana?

Mdogo: Hapana. Kashika kioo, anatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Viatu vyangu."

Dada: [kicheko, halafu kikohozi] Viko wapi?

Mdogo: Chini ya kiti changu. Vinanigusa kisigino.

Dada: Ukamjibu nini? Usiniambie ulimhurumia.

Mdogo: Nikashusha kioo, kidogo tu, kiasi cha sauti kupita. Nikamwambia, "Kapteni, si ulisema siku chura—" dada, vocha ya mtoto wa watu inalia, inak—

[Mlio. Simu inakatika.]

Dada: Haloo? Haloo?... Haya. Na lami ilivyo ya moto leo.