Maisha ya Mwalimu Rudell Amos Tarver, Aliyetangazwa Bora Kabla ya Msimu

Ashukuriwe Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, ajuaye mwisho wa jambo kabla ya mwanzo wake, maarifa ambayo hakumjalia mwandishi yeyote wa habari za michezo. Mbele zake tunasimama leo, Jumamosi tarehe 26 Agosti 2023, katika kanisa la Mlima Nebo hapa Harlan Creek, Alabama, sisi uzao wa Amos Tarver mkata magogo, mwana wa Josiah Tarver aliyelima pamba ya watu wengine katika kaunti hii hii, ili kusoma maisha ya ndugu yetu mdogo, nasi tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa familia imekuja na huzuni, na pamoja na huzuni imekuja na dukuduku.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne na wa mwisho wa Amos na Luvenia Tarver, akabatizwa mtoni mwaka 1967, akamaliza shule ya sekondari ya kaunti mwezi Mei 1976, akiwa mbeba mpira wa timu yake ya mpira wa Kimarekani, yaani yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kuagizwa apasue ukuta wa wanaume waliopangwa kumwangusha, na kwa miguu yake hiyo akapata nafasi ya kusoma bure katika Chuo cha Bellamy, ambako kwa miaka miwili alicheza kidogo tu, akisubiri zamu nyuma ya waliomtangulia.

Ndipo ikaja Agosti ya 1978, mwezi ambao watu wenye kalamu huketi, nyasi za viwanja zikiwa bado hazijakanyagwa, wakapanga vyuo kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho na kuwapima vijana ambao hawajatoa jasho, na taifa zima likasoma maoni hayo kana kwamba ni matokeo. Jarida moja kubwa likaweka picha ya Rudell kwenye jalada, kofia ya kuchezea ikiwa kwapani, likamtangaza kuwa mchezaji bora kuliko wote nchini, na Bellamy kuwa timu ya kwanza, na mji huu ukaamini, ukapaka jina lake kwenye tangi la maji. Jumamosi tarehe 16 Septemba, katika mchezo wa pili wa msimu, mvua ikinyesha, goti lake la kulia liligeuzwa upande ambao goti halikuumbiwa, na hakucheza tena maishani mwake, nayo timu ya kwanza ya Agosti ikafungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda, lakini ilipofika Desemba hakuna aliyewauliza wenye kalamu walichokuwa wameona, na Agosti iliyofuata waliketi tena, wakachagua chuo kingine na mtoto wa mama mwingine.

Marehemu hakurudi nyumbani kujificha kama wengi walivyotabiri, maana hilo nalo walilitabiri, bali alibaki chuoni akitembea kwa magongo, akahitimu shahada ya ualimu mwezi Juni 1981, na Agosti ya mwaka huo akaajiriwa na sekondari ya kaunti kufundisha udereva, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Mei 2019. Wengi mlioketi humu mlikaa kwenye gari lile jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, naye aliikanyaga ya kwake kwa goti lile lile bovu, akiuma meno, bila kupaza sauti, na miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyejeruhiwa mikononi mwake.

Pamoja na hayo, popote alipoingia, Agosti iliingia naye, watu wakamwita "Namba Moja" hadi nywele zake zikawa nyeupe, wakamletea jarida lile alitie sahihi, wakamshika bega na kumweleza angekuwa nani, angenunua nini, angeishi wapi. Kwa kinyozi Thaddeus Mims, kila mwaka orodha mpya ilipotoka, zogo lilikuwa lile lile, Thaddeus akipiga makofi na wembe mkononi, "Namba Moja, umesikia? Mwaka huu Bellamy ni wa tatu nchi nzima!", na marehemu akiuliza kutoka kitini, "Wamecheza na nani?", naye Thaddeus, "Bado hawajacheza, kaka, tuko Agosti!", na marehemu, "Basi wamekuwa wa tatu katika nini? Ninyoe, Thaddeus, na huo wembe uweke mbali na sikio langu." Watu wakacheka, wakadhani ni utani, wala haukuwa utani. Mwenye hekima mmoja wa Uyunani ya kale alikataa kumwita mfalme tajiri mtu mwenye heri kabla ya kuona mwisho wake, na mfalme alikasirika, lakini angalau mfalme yule alisubiri jibu, ilhali sisi hapa Harlan Creek hatukumsubiri Rudell hata hadi Oktoba.

Tarehe 14 Juni 1986 marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili na Veola Staples wa Meridian, Mississippi, mtunza maktaba, ambaye hakuujua mpira wala hakutaka kuujua. Walipokutana alimuuliza anafanya kazi gani, akajibu kwamba anafundisha watu kuendesha gari, naye akasema, "Vizuri, mimi sijui kuendesha, tunaanza lini?", na marehemu alitusimulia mara nyingi kwamba alingoja neno la pole kwa ajili ya goti, nalo halikuja, akajua hapo hapo kwamba atamwoa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Corliss, aliyezaliwa mwaka 1988, na Amos, aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye alichagua kupiga tromboni, na watu wazima wa mji huu, wengine wao wako humu ndani, walimwendea mtoto wa miaka kumi na nne kumuuliza kwa nini analiaibisha jina la baba yake.

Mwezi Januari mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa subira, na tarehe 7 Agosti akalazwa kwa mara ya mwisho, televisheni ya wodini ikipanga timu za msimu mpya asubuhi hadi jioni, hata shemeji yetu Veola akaizima na kuificha rimoti ndani ya mkoba wake. Siku moja muuguzi Dreama Hollis aliingia kumpima, akamtazama, Veola akakunja uso akidhani anajua litakalofuata, lakini dada yule akasema, "Mwalimu, hunikumbuki? Mimi ndiye niliyegonga sanduku la barua la mchungaji," na marehemu, aliyekuwa hajala tangu juzi yake, akainua kichwa, "Hukuligonga, binti, ulipita juu yake. Siku hizi unatazama kioo?", naye, "Kila siku, Mwalimu, hata nikiwa nimeegesha," na ndugu yetu alicheka hadi machozi, kisha Dreama alipotoka akamshika mkewe mkono na kumwambia, "Vee, wasinizike na Agosti."

Alifariki Alhamisi tarehe 17 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, na kesho yake gazeti likaandika juu ya picha ya kofia kwapani maneno haya, "Aliyekuwa Awe Bora," na vijitabu vya ibada hii vikaja kutoka kiwanda cha uchapaji vikiwa na picha hiyo hiyo bila familia kuulizwa, tukavirudisha, na juzi jioni ujumbe wa Bellamy ulifika nyumbani kwa heshima zote, ukiomba bendera ya chuo ifunike jeneza na wachezaji wa zamani watangulie nyuma ya gari la maiti. Shemeji yetu Veola aliwapa chai ya barafu na keki, akawasikiliza hadi mwisho, akasema, "Nawashukuru, wanangu, mtakuja, na mtapanga foleni pamoja na wengine."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani wa barabara ya Pickens walioleta chakula tukasahau jiko, walimu na madereva wa shule ya kaunti, mchungaji na kwaya, na wote mliotoka mbali, na wageni wetu wa Bellamy pia, ambao tunawapokea kama watu waliofiwa.

Kutoka hapa tunakwenda makaburini, na mjane ameagiza utaratibu, nao ndio huu: nyuma ya gari la maiti hatatangulia mtu mwenye jina wala chuo chenye bendera, watatangulia wale wote ambao marehemu aliwafundisha kuendesha gari, mzee kwa kijana, kwa mwaka wowote ule, nanyi mliofundishwa naye mtuinulie mikono hapo mlipo ili waongozaji wa magari wawaone.

Naona mikono. Naona mingi mno, dada zangu na kaka zangu, waongozaji watatuwia radhi, tutachelewa kuanza.

Rudell, mwalimu, mume, baba, mtoto wa mama yetu, pumzika kwa amani, na ninyi mliotega sikio hadi neno la mwisho, Bwana awalinde mtokapo na mwingiapo, awatie nuru njiani, na siku yenu itakapotimia, awapatie watu watakaowasimulia kwa yale mliyoyatenda. Amina.